Ukisafiri haraka, pepo ya nani inamegwa?

MPENZI msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo, hebu nikuulize swali moja la kizushi. Tuseme anatokea mungu mpya kabisa, jina lake hujawahi kulisikia, anawatangazia viumbe wote wa angani kwa mpigo mmoja: ramani ya injini hii hapa, itengenezeni, kuanzia leo nyota ambayo babu zenu wasingeifikia hata wakizaliwa mara kumi, ninyi mtaifika kwa siku chache. Bei? Bure! Wewe ungekaa chini uulize maswali, au ungepanda chombo?

Usinidanganye. Ungepanda. Tena kwa kugombania siti ya dirishani!

Ndivyo walivyofanya viumbe wa Starfinder, na kasheshe yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu wiki hii. Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, sina digrii ya nyota wala ya dini. Lakini kitabu kikuu cha mchezo huu, kurasa 528, nimekisoma mpaka pembe zimekunjamana, na mezani nimekaa mara nyingi. Nakwambia, humo ndani kuna swali ambalo wakubwa wengi wanalikwepa.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Kwa ambaye hajawahi kuusikia: huu si mchezo wa kwenye kompyuta, wala si karata. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyemwandika kwenye karatasi. Huyu rubani, yule fundi mitambo, mwingine tabibu. Mmoja wenu ndiye msimamizi, na kazi yake ni kuwasimulia mnachokiona na mnachokutana nacho. Mkitaka kufanya jambo gumu mnarusha dadu yenye nyuso 20, mnasubiri majaliwa. Hakuna mshindi wala kombe. Mnatunga hadithi pamoja, basi, na ukishtuka ni saa nane za usiku.

Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Starfinder ni kama mjukuu wake. Ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Paizo ya jimbo la Washington, mkurugenzi wake wa ubunifu akiwa James L. Sutter, na toleo la pili likafuata mwaka 2025. Sifa yake ni kwamba imechanganya sayansi na uchawi kwenye sufuria moja. Mtu ana bunduki ya leza kiunoni na hirizi shingoni, na hakuna anayemshangaa.

Wazee wangu wa dini zote, naomba msinirushie mawe. Miungu ninaowataja hapa ni wa karatasi, hakuna anayewapigia magoti. Marekani kwenyewe hofu hiyo ilikuwepo. Mwaka 1983 mama mmoja aitwaye Patricia Pulling, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, alianzisha kikundi cha kuipinga Dungeons & Dragons akiamini inawaingiza vijana kwenye ushetani. Kelele zikawa kubwa kiasi kwamba toleo la pili la mchezo huo, la mwaka 1989, lilianza likiwa limewaondoa mashetani wake. Mimi sibishani na mama aliyezika. Ila naona mungu wa karatasi ana faida moja: unaweza kumkalia kitako, ukamhoji kama mwenyekiti wa mtaa.

MIUNGU ISHIRINI, KILA MMOJA NA LAKE

Kitabu kikuu cha kwanza kinataja miungu wakubwa 20, na bwana we, kuna vituko!

Yupo Abadar, mungu wa miji, sheria, biashara na utajiri. Huyu waumini wake wana kampuni kubwa kabisa, AbadarCorp, yaani kanisa na kampuni ni mwili mmoja. Yupo Desna, mama wa nyota, ndoto, bahati na wasafiri. Sarenrae ni wa jua, uponyaji na kuwapa wakosaji nafasi ya pili. Besmara ni mungu wa maharamia, usicheke, nao wanahitaji pa kuombea. Hylax ana umbo la mdudu, lakini ndiye mungu wa amani, urafiki na ule wakati mgumu ambapo viumbe wa sayari mbili wanaonana kwa mara ya kwanza.

Kuna Lao Shu Po, mungu wa wezi na wapelelezi. Huyu alikuwa panya wa kawaida tu, akautafuna mwili wa mungu aliyekufa, akaamka naye mungu! Kuna Iomedae, aliyekuwa binadamu kama wewe na mimi, akapandishwa cheo na jiwe la ajabu liitwalo Starstone. Jiwe hilo leo limefungwa katikati ya kituo kikubwa cha angani kiitwacho Absalom, linakipa nguvu. Jiwe lililokuwa linawageuza watu kuwa miungu, sasa linafanya kazi ya jenereta. Dunia hii!

Katika ulimwengu huo hakuna ubishi wa kama miungu wapo. Wapo, wanajibu, wanatuma wajumbe, wanagombana. Kwa hiyo lile swali letu la kijiweni, yupo au hayupo, kule halina soko. Swali la kule ni lingine: akishakupa, nani analipa?

MBINGU SI MOJA

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Nyota zote, sayari zote na vumbi lote la angani, kwa mujibu wa mchezo huu, ni ulimwengu mmoja tu kati ya mingi. Nje yake yapo malimwengu mengine, na kila moja lina tabia yake. Kuna Mbingu yenye utaratibu na haki, na kuna Jehanamu yenye utaratibu na roho mbaya. Kuna Elysium, kwa watu wema wasiopenda kuamrishwa. Kuna Nirvana ya utulivu. Kuna Axis, mji usio na mwisho ambako kila kitu kina mstari wake, na kuna Maelstrom ambako hakuna mstari hata mmoja. Kuna Abaddon, ambako roho zinaliwa kama mahindi ya kuchoma. Na kuna Shimo lisilo na mwisho, makao ya pepo wachafu.

Mtu akifa, roho yake inaingia kwenye mto mrefu wa roho, inafika kwenye Uwanja wa Mifupa. Hapo anakaa Pharasma, mungu wa kuzaliwa, kufa na majaliwa. Huyu mama hahongeki. Anaangalia maisha yako, anakuonyesha njia: wewe kule, wewe huku.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba malimwengu hayo si mapango matupu. Yana wakazi. Bibi yako aliyekulea, mwalimu wako wa darasa la kwanza, rafiki yako wa utotoni, kama wamekufa basi wanaishi huko. Lishike hilo kichwani, maana tunalihitaji sasa hivi.

MUNGU WATATU KATIKA MASHINE MOJA

Yule mungu mpya niliyeanza naye anaitwa Triune. Ni watatu walioungana wakawa mmoja. Wa kwanza ni Casandalee, akili mnemba ambaye kabla ya hapo alikuwa androidi, kiumbe wa kutengenezwa mwenye sura ya mtu. Wachezaji wa zamani wanamkumbuka kutoka mfululizo wa hadithi uitwao Iron Gods ulioanza mwaka 2014. Wa pili ni Brigh, mungu wa uvumbuzi na mitambo ya saa. Wa tatu ni Epoch, mungu aliyetengenezwa na roboti wa sayari ya Aballon. Yaani roboti walikaa, wakapiga mahesabu, wakajitengenezea wa kumwabudu!

Mwaka wa 3 wa kalenda ya mchezo, Triune alituma Ishara. Ilisambaa galaksi nzima, na ndani yake mlikuwa na maelekezo ya kutengeneza injini ya Drift.

Drift ni nini? Ni ulimwengu mwingine, wa aina yake, ambao hauingiliki kwa uchawi bali kwa teknolojia tu. Ndani yake umbali haufanyi kazi kama huku kwetu. Chombo kinazama Drift, kinaelea siku kadhaa, kinaibukia kwenye nyota nyingine. Mezani hesabu yake ni rahisi. Ukienda Kituo cha Absalom unarusha dadu moja yenye nyuso 6, hizo ndizo siku zako. Ukienda nyota zenye vinara vingi vya kuongozea vyombo, dadu tatu. Ukienda kule porini ambako vinara ni vya kutafuta kwa tochi, dadu tano. Hata ulipotokea hakuulizwi. Kinachohesabika ni unakokwenda. Ukiwa na injini bora zaidi, siku zinapungua.

Ishara haikuchagua mtu. Wema waliipata, waovu waliipata. Hata wale vesk, majitu ya vita yanayomtukuza Damoritosh, mungu wa ushindi na wajibu, waliipata, na haikupita muda mrefu wakawa mlangoni na manowari zao. Barabara ikifunguliwa, adui naye anaipita. Lakini hiyo si bei yenyewe.

BEI YENYEWE SASA

Kila mara chombo kinapowasha injini ya Drift, kipande cha ulimwengu mwingine kinachanika kutoka mahali pake na kwenda kuungana na Drift. Kipande cha ulimwengu upi? Hakuna anayechagua, ni bahati nasibu. Safari ikiwa fupi, kipande ni kidogo. Safari ikiwa ndefu, kipande ni kikubwa. Na kama mlikuwa na wakazi juu yake, wanakwenda nacho.

Ebo! Umeona mambo hayo? Leo umemega bonde la Jehanamu, unasema safi sana, mashetani wanyooke. Kesho umemega bustani ya Nirvana. Keshokutwa umemega ukumbi wa Mbinguni ambamo bibi yako alikuwa amekaa anapumzika baada ya miaka themanini ya kubeba kuni.

Na mwenye Drift ni nani? Triune mwenyewe. Mji wake, Alluvion, umo humo humo. Kila unaposafiri, himaya yake inapanuka. Ndiyo maana miungu wengine wanamwangalia kwa jicho la pembeni, kama mwenye kiwanja anavyomwangalia jirani ambaye uzio wake unasogea kila masika.

Ntakupa mfano wa mezani kwetu. Siku moja kikundi chetu kilibeba dawa kupeleka kwenye koloni la mbali, watoto kule walikuwa wanakufa. Tukarusha dadu tano, zikatoa siku 17. Siku ya tisa, msimamizi akatusimulia kwamba mbele yetu kinaelea kipande cha ardhi, ukubwa wa kiwanja cha mpira. Juu yake kuna miti ya matunda, na nusu ya nyumba. Mzee amekaa kizingitini. Tabibu wetu akashuka kumsalimia.

"Shikamoo mzee. Twende tukupeleke kwenu."

"Marahaba mwanangu. Kwetu ndiyo hapa. Nusu nyingine ya nyumba ndiyo imebaki kule, na mke wangu alikuwa jikoni."

Meza ilinyamaza. Rubani wetu, ambaye kwa kawaida hakosi utani, akauliza kama kipande kile ni sisi tuliokichana. Msimamizi akasema hakuna njia ya kujua. Tabibu akasema tugeuze. Fundi akamuuliza, tugeuze twende wapi, na kurudi nako si ni kuwasha injini tena? Na watoto wanaongoja dawa je? Tukaendelea na safari. Dawa zilifika. Mzee tulimwacha kizingitini kwake, alikataa kata kata kuondoka.

Nilipowasimulia majirani habari hii, wakagawanyika. Kijana mmoja akasema: "Sasa kaka, hao si wameshakufa? Wanataka nini tena? Walio hai kwanza." Dada mmoja fundi cherehani, mtu wa maneno machache, hakuinua kichwa kwenye nguo yake. Akasema: "Mdogo wangu, mtu akimegewa nyumba asimjue aliyemmegea, na aliyemega asijue amemmega nani, hiyo kesi ataisikiliza nani?"

Kijana akakosa jibu. Hata mimi sina. Kule kwenye mchezo Pharasma anahukumu roho moja moja kwa matendo yake. Sasa hili ni tendo la nani? La rubani? La abiria aliyelipa nauli? La aliyetuma dawa? La mungu aliyegawa ramani? Dhambi imegawanywa vipande vidogo vidogo hadi kila mmoja wetu akibeba chake hakisikii uzito.

MIUNGU WENGINE NAO WAMEFUNGA MIDOMO

Utaniuliza, kwa nini watu wasiwaulize miungu wengine wawape ukweli wote? Wameshauliza sana, ila siyo kila swali linajibiwa.

Ulimwengu wa Starfinder una kidonda kinachoitwa Pengo. Ni kipindi kirefu cha historia ambacho kimefutika kwenye vichwa vya watu na kwenye kumbukumbu zote. Pengo lilipoisha, watu walizinduka wakakuta sayari moja nzima, Golarion, nyumbani kwa binadamu, haipo. Mahali pake pameachwa kituo kile cha Absalom kinaelea. Fikiria unaamka asubuhi, kijiji hakipo, na wewe hukumbuki hata ulilalaje.

Watu wakalia kwa miungu. Miungu wakajibu kwamba Golarion ipo salama mahali fulani. Wapi? Kimya. Nani aliiondoa? Kimya. Mpaka mwaka wa 317 wa kalenda ile, ambao ndio kitabu cha kwanza kilianzia, hakuna aliyepewa zaidi ya hapo.

Basi unaelewa kwa nini watu wale walimkumbatia Triune. Miungu wa zamani waliwanyima majibu, mungu mpya akawapa usafiri. Mtu aliyepoteza kwao haulizi sana gari linatumia mafuta gani. Anataka lifike.

SIKU BARABARA ILIPOKATIKA

Mwaka 2022 watunzi walitoa kitabu kuhusu balaa la Drift yenyewe kuanguka. Vyombo vilivyokuwa ndani vikapata taabu, vilivyokuwa nje vikakwama vilipo, na sayari zilizozoea kuletewa kila kitu kutoka mbali zikabaki zinaangaliana. Ndipo viumbe wakagundua kwamba kitu walichokiita zawadi kilikuwa kimegeuka shingo yao. Kikibanwa, hawapumui.

Kilichonifurahisha ni kwamba watunzi hawakuhubiri. Hawakusema Triune mbaya, acheni kusafiri. Na kwa kweli ni mungu mwenye mema yake. Bila yeye watoto wa lile koloni wangezikwa. Pia hawakusema safirini tu, msijali. Wamekuwekea mezani dadu na yule mzee wa kizingitini, wakakuachia mwenyewe.

Msimamo wangu mimi ni huu. Kusafiri hakuna ubaya. Ubaya ni kuita kitu bure kwa sababu tu anayelipa yuko mbali na macho yako. Siku hizi tuna zawadi nyingi za namna hiyo mkononi, za haraka, za kubonyeza tu. Nyingine zinajibu maswali kama miungu na zimetengenezwa na watu wanaolipwa mshahara. Mimi sisemi uzitupe, nami ninazo. Nasema kabla hujabonyeza, jiulize hata mara moja kwa wiki: hapa nani amemegwa? Ukipata jina lake, mpelekee angalau salamu. Usipolipata, basi safiri kwa lile lililo la lazima, na safari za kuzurura uzipunguze.

Maana katika hesabu za Drift safari ndefu ndiyo inayomega kipande kikubwa. Kwa hiyo anayekwenda mbali kwa anasa anachana kingi kuliko anayekwenda karibu kwa shida. Hiyo si falsafa, ni kanuni imeandikwa kitabuni.

Wewe ungekuwa mezani na sisi siku ile, ungesema chombo kigeuzwe au kiendelee? Lifikirie usiku, kesho mbishane na jirani yako, ila msitoane ngeu. Ni mchezo tu. Au siyo?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Yule wa kweli.